Miguu ya Salma imegusa kiti: tununue kiti kipi sasa?

Swali

Salamu alaykum, fundi. Tunakaa Malindi, na kila baada ya wiki mbili twashuka Mombasa kwa gari letu, Toyota Fielder ya 2016. Binti yetu Salma ana miezi 22. Kliniki alipimwa mwezi huu, kilo 11.2 na urefu wa sentimita 84. Bado yuko kwenye kile kiti cha kubebea chenye mpini, kilichoandikwa mwisho kilo 13, anatazama nyuma. Lakini miguu sasa inagusa mgongo wa kiti cha gari na inakunjika, namwonea huruma. Shemeji ametuletea busta, kile kikalio cha kumwinua mtoto, aliyoachiwa na Mtaliano aliyerudi kwao. Dukani Mombasa wametuonyesha kiti cha kutazama mbele, kilo 9 hadi 36, wanasema atakitumia mpaka awe msichana mkubwa. Mama mkwe, mzaliwa wa Lamu, anasema hizo zote ni pesa za kutupa, mtoto apakatwe. Tufanyeje? Mama Salma.

Jibu

Wa alaykum salaam, Mama Salma. Nianze na jibu fupi, maana pengine safari iko karibu: msimgeuze bado. Busta ya shemeji haimfai kabisa kwa sasa. Kile cha dukani kinamfaa kwa maandishi tu. Na kiti alichonacho bado kina muda kidogo wa kazi. Kinachofuata ni kiti kikubwa zaidi, lakini cha kutazama nyuma vilevile. Sasa nikae nikueleze, kwa sababu dukani hutaelezwa hivi. Muuzaji anauza alichonacho.

Miguu ndiyo inayowadanganya wazazi wengi. Mtu akiona magoti yamepanda juu anafikiri mtoto anaumia. Mtazame Salma mwenyewe akicheza sakafuni: anakaa amekunja miguu kama mwanafunzi wa chuo mkekani, nusu saa nzima, wala halalamiki. Viungo vya mtoto wa umri huo ni laini na mkao huo kwake ni raha. Wengine huning'iniza miguu pembeni, wengine huiegemeza juu ya mgongo wa kiti cha gari. Yote sawa. Hata ajali ikitokea, kuvunjika mguu kwa mtoto anayetazama nyuma ni jambo la nadra, na mguu hufungwa plasta ukapona. Shingo ni habari nyingine.

Kiti cha kutazama nyuma kinakuwa kidogo kwa mambo mawili, uzito na kichwa. Uzito umeshanipa: 11.2 kati ya 13, hapo bado. Kichwa ndicho nakuomba ukipime leo. Mkalishe, mfunge kama kawaida, kisha laza rula ya shule juu ya ukingo wa kiti, ipite juu ya utosi wake. Ikiwa kati ya utosi na rula panaingia vidole viwili vyako vilivyolazwa, nafasi ipo. Kikibaki kidole kimoja, anza kutafuta kiti kwa bidii. Utosi ukifika usawa wa ukingo, kiti hicho kimekwisha, hata kama mzani unasema kilo 11. Kwa urefu wa sentimita 84 nadhani kichwa kitamaliza nafasi kabla ya kilo, kwa sababu mtoto wa rika lake huongeza kama kilo mbili tu kwa mwaka lakini hurefuka kwa sentimita 9 hivi.

Kwa nini nashikilia sana hili la kutazama nyuma? Kwa umri wa miaka miwili kichwa cha mtoto ni kama sehemu moja ya tano ya urefu wake wote. Wewe na mimi ni kama moja ya saba au ya nane. Ni kichwa kizito juu ya shingo ambayo pingili zake bado hazijakamaa: kila pingili ni vipande vya mfupa vilivyoshikanishwa na gegedu, na vinaendelea kuungana hadi kati ya miaka 3 na 6. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa mabega na mikanda, kichwa kikaenda zake, na mzigo wote ukaangukia shingo. Anayetazama nyuma huzama ndani ya ganda la kiti, kichwa, shingo na mgongo vikienda pamoja. Wazo hili si geni. Mswidi Bertil Aldman aliona wanaanga wa Marekani wa vyombo vya Gemini wamelazwa chali ili mgongo ubebe nguvu za kurushwa, na mwaka 1964 kiti cha kwanza cha mtoto cha kutazama nyuma kikajaribiwa ndani ya Volvo. Mpaka leo Waswidi huwaacha watoto watazame nyuma hadi miaka minne hivi. Madaktari wa watoto wa Marekani nao walikuwa wakisema miaka miwili. Mwaka 2018 wakaufuta huo umri, wakasema atazame nyuma mpaka amalize kipimo cha kiti chake.

Na mimi sikuzaliwa nikijua. Mwanangu wa kwanza nilimgeuza siku alipotimiza mwaka, kwa furaha kabisa, nimwone usoni kwenye kioo. Siku moja tukitoka Malindi, tumefika Msabaha, mbuzi wakaingia barabarani kama kawaida yao. Nilikanyaga breki, hatukugonga chochote, wala mbuzi mmoja hakuguswa. Lakini kwenye kioo niliona kichwa cha mtoto kikitupwa mbele hadi kidevu kikagonga kifua, kikarudi nyuma. Hiyo ni breki tu. Tulipofika Gede nilisimama kivulini nikamgeuza tena, jasho linanitoka, abiria wenzangu wananishangaa.

Sasa mama mkwe. Usimjibu kwa ukali, kwa sababu kwa alikolelewa ana haki yake. Lamu mjini mtu alipanda punda au alitembea kwa miguu, na mtoto akabelekwa kwa leso. Punda hana kasi ya kumuua mtoto. Tatizo ni hesabu ya gari. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likagonga na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, Salma wa kilo 11 huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 160. Hiyo ni kasoro kidogo tu ya magunia mawili ya mahindi. Muulize mama, kwa heshima, kama kuna mtu anayeweza kuyazuia magunia mawili kwa mikono yakirushwa. Na kati ya Gede na Kilifi hakuna anayekwenda 50. Kwenye 80, nishati ya mgongano ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kwenye 50. Mkanda mmoja kumfunga mama na mtoto aliyempakata ni vibaya zaidi, kwa kuwa mwili wa mama ndio unaomponda. Ukishamweleza hivyo, mpe kazi: yeye ndiye awe mkaguzi wa mikanda kabla gari halijaondoka. Nimeona mabibi waliokuwa wapinzani wakubwa wakageuka askari.

Busta ni nini hasa? Ni kiti cha kumwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae mahali pake; busta yenyewe haimfungi. Mkanda tuliouzoea tangu kanuni za Michuki za 2004 umetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto wa kilo 11 utampita shingoni na tumboni, na Salma akisinzia ataporomoka chini yake. Busta ni ya mtoto wa miaka minne na kuendelea, aliyezidi kilo 15, na bora awe 18, aliyefika mita moja, na anayeweza kukaa wima safari nzima hata usingizi ukimpata. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Kile cha dukani, "kilo 9 hadi 36", hakina uongo kwenye kibandiko. Chini ya kanuni ya zamani ya Ulaya, R44, mtoto akifika kilo 9 kiti kinaruhusiwa kumtazamisha mbele. Lakini kuna watoto wanaofika kilo 9 wakiwa na miezi minane! Kanuni mpya, R129, iliyoanza 2013 na ambayo wengi huijua kwa jina la i-Size, ilihama kwenye kilo ikaenda kwenye sentimita, na ikakataza kumgeuza mtoto kabla ya miezi 15. Huo ni mwisho wa chini. Kuufikia si sababu ya kugeuza. Kuhusu ahadi ya kwamba atakitumia mpaka akue, mimi viti vya aina hiyo siviamini sana. Nguo inayomtosha mtoto wa miaka miwili na wa miaka kumi na mbili huwa haimkai vizuri hata mmoja wao. Vile vya "0 hadi 36" ndivyo hasa vya kusoma maandishi madogo: vingine huruhusu kutazama nyuma mpaka kilo 10 au 13 tu, yaani cha 10 Salma ameshakipita, na cha 13 hakimzidishii kitu kuliko kiti alichonacho.

Utafute hiki. Kama ni cha Ulaya, kiwe kimeandikwa R129 na kimruhusu kutazama nyuma mpaka sentimita 105, au R44 cha kutazama nyuma mpaka kilo 18 au 25. Kibandiko ni cha rangi ya chungwa, na ndani ya duara kuna herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 Ujerumani, E3 Italia, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Malindi hii yetu yenye Wataliano utaona vibandiko vya kila namba, na nchi iliyoidhinisha si lazima iwe nchi kilikouzwa. Hakuna kibandiko, hakuna biashara. Vile vitambaa vyenye mikanda visivyo na ganda, vinavyouzwa bei ya chee mtandaoni, hata usivishike.

Kama una ndugu anayekuja kutoka Marekani na anaweza kukuletea, viti vya huko vya kugeuzwa pande zote mbili ni vizuri na vingi hubeba mtoto anayetazama nyuma mpaka ratili 40, ambazo ni kilo 18, au 50, ambazo ni karibu 23. Kuna mtego mmoja tu. Kiti cha Marekani kikifungwa kwa mkanda wa gari, mara nyingi hutegemea mkanda huo ujifunge wenyewe, na si kila gari lililotoka Japani lina mkanda wa namna hiyo. Jaribu sasa hivi: vuta mkanda wa nyuma hadi mwisho kabisa, kisha uuachie urudi polepole. Ukisikia krr-krr-krr na ukiuvuta tena haukubali, unajifunga. Ukirudi kimya na kuvutika tena kama mpira, haujifungi, na hapo utahitaji kiti chenye kibano chake chenyewe cha kuushika mkanda, au utumie vyuma vya ISOFIX.

Vyuma hivyo vitafute kwa vidole. Ingiza mkono kwenye ufa kati ya kikalio na mgongo wa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Utagusa pete mbili nyembamba za chuma, zimeachana kama upana wa kiuno cha mtoto. Gari la umri wa lenu mara nyingi huwa nazo. Kiti cha i-Size hudaka pete hizo, kisha huhitaji nguzo ya tatu: ama mguu unaokanyaga sakafu ya gari, ama mkanda wa juu unaokwenda kufungwa nyuma ya mgongo wa kiti. Ndoano za buti za kufungia mizigo si za kazi hiyo. Nimeshakuta mtu amefunga kiti cha mtoto kwenye ndoano ya kuzuia madebe ya mafuta. Na kiti pamoja na mtoto visizidi kilo 33 kwenye ISOFIX ya i-Size. Salma yuko mbali na hapo kwa miaka.

Ila kabla ya kulipa, omba mkijaribu ndani ya gari lenu. Duka likikataa, tafuta jingine. Kiti kikubwa cha kutazama nyuma kinakula nafasi, na baba Salma akiwa mrefu atakuta magoti yake yako kwenye dashibodi. Kiwekeni nyuma upande wa kushoto, upande wa ukingo wa barabara, ili mnapomshusha pale Mtwapa msimame kando na si katikati ya matatu. Katikati ya kiti cha nyuma ni pazuri pia ikiwa kiti kinatulia hapo na mkanda upo kamili, lakini mara nyingi hakitulii. Mbele, penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi kamwe. Mfuko ule hutoka kwa kishindo na utampiga kichwani kupitia mgongo wa kiti.

Kukifunga ndipo kazi ilipo. Viti vingi ninavyovikagua ni vizuri kabisa, vimefungwa kama mzigo wa makuti. Lalia kiti kwa uzito wako, mkono mmoja ndani yake umekandamiza pale mtoto anapokalia, na kwa mkono mwingine vuta mkanda ulegevu wote uishe. Kisha kishike mahali mkanda unapopita, si kule juu, ukitikise kama unavyomsalimia mtu mkono. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, fungua uanze tena. Kule juu kitayumba kidogo, hiyo ni kawaida ya kiti kinachotazama nyuma. Kikisimama wima mno kichwa cha mtoto kikaanguka mbele akilala, tazama ubavuni: huwa kuna mstari au tone la maji linaloonyesha mlalo sahihi, na viti vingi vina kirekebisho. Baadhi ya vitabu vya maelekezo huruhusu taulo lililokunjwa chini ya kiti; kama chako hakiruhusu, usiweke.

Mikanda ya mabegani kwa anayetazama nyuma itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Siku atakapotazama mbele ndipo itakapotokea usawa wa mabega au juu yake. Watu huchanganya hili kila siku. Ukishafunga kifungo cha katikati ya miguu na kuvuta ulegevu, jaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili penye mfupa wa bega, kama unavyofinya ukosi wa kanzu. Kama kuna mkunjo unaoufinya, umelegea. Vidole vikiteleza, hapo sawa. Na mikanda isijisokote.

Ulaya wao wanahangaika na makoti mazito chini ya mikanda. Sisi tatizo letu ni leso. Mama anaona mwana anatokwa jasho, anamtandikia leso iliyokunjwa mara nne mgongoni, au mto mdogo. Gari likigonga, ule unene unabanwa, na mikanda inabaki imelegea kwa kiasi hichohicho. Tandika kitambaa chembamba kimoja tu, au usitandike chochote umfutefute jasho. Leso itumie kwa kazi nyingine: gari likiegeshwa juani, funika kiti kizima kwa leso ya rangi nyeupe, na kabla ya kumfunga gusa vyuma vya kifungo kwa nyuma ya mkono wako. Jua la saa saba linaweza kukichoma kile chuma kikamtia mtoto malengelenge pajani.

Na kwa kuwa nimetaja joto: usimwache garini hata dakika tano uingie sokoni. Mwili wa mtoto hupanda joto mara tatu hadi tano kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Wataliano walisahau watoto garini mpaka serikali yao ikaweka sheria, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2019, kwamba gari lenye mtoto wa chini ya miaka minne liwe na kifaa kinachomkumbusha dereva kwamba kuna mtoto nyuma. Kama kiti cha mtumba mtakachopata kimekuja na kidude kama kitufe chenye betri, ndicho hicho. Mimi huwaambia watu waweke mkoba wao na simu nyuma, miguuni pa kiti cha mtoto. Simu haisahauliki.

Kuhusu tuktuk, ambazo najua huwezi kuzikwepa mjini hapa, sina cha kukuuzia. Kaa ndani katikati, mshike, mwambie kijana apunguze mwendo kwenye matuta. Bodaboda na mtoto wa miaka miwili, hapana.

Mkipanda Lamu kumwona bibi, kupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, kiti kifungweni kama mnakwenda Mombasa. Simameni kila saa mbili hivi anyooshe mgongo. Mtakapoliacha gari Mokowe na kuingia kwenye boti, leso nyeupe juu ya kiti, na boya la saizi yake mwilini; hilo ni somo la nahodha, si langu.

Narudi kwa busta ya shemeji, kwa sababu najua kurudisha zawadi ni kazi ngumu kuliko kufunga kiti. Igeuze chini utazame. Kwenye plastiki kuna duara dogo lenye mshale na namba, ndilo saa ya kiwandani: katikati mwaka, mshale unaelekeza mwezi. Tafuta pia nyufa, hasa plastiki iliyopauka kwa jua, na umuulize shemeji kama anajua habari ya gari ilimotoka. Kiti kilichopitia ajali hakitumiki tena hata kikionekana kizima. Salma ataifikia busta akiwa na miaka minne na nusu hivi. Jumlisha miaka iliyobaki mpaka hapo, kama mitatu kasoro, na umri wa plastiki. Ukipata zaidi ya kumi, mshukuru shemeji na uitupe, lakini kwanza kata kitambaa chake kwa mkasi ili asije mtu akaiokota jalalani akaiuza. Ikiwa bado changa, ifunge kwenye gunia uiweke ndani kivulini. Mwambie tu kwamba mtoto bado hajaifikia. Ni kweli, wala hatokasirika.

Ukishapima kwa rula, nitumie picha mbili: moja ya utosi na ukingo wa kiti, nyingine ya ule ufa wa kiti cha nyuma cha gari, ukiwa umeupanua kwa mikono miwili. Kwa hizo nitakwambia kati ya mkanda na ISOFIX mkatafute kipi.